Omusinga, Omukama, Mwami: umwite nani, na kwa nini

Ukivuka daraja la Mpondwe kutoka Kasindi, maneno mengi hayabadiliki. Mtoto wa kiume aliyeitwa Paluku kule Beni, huku Bwera anaitwa Baluku. Kambale anakuwa Bwambale, Kasereka anakuwa Masereka. Masika anabaki Masika. Lugha ni karibu ileile: kule inaitwa Kinande, huku Lhukonzo, na mama anayeuza nyanya Bwera anamwelewa mteja wa Kasindi bila mkalimani.

Lakini kuna neno moja linalobadilika hapohapo mpakani, na ukilitumia vibaya watu wanakuangalia kwa jicho lingine. Ni neno la kumwita mkubwa wa nchi. Kule kwetu tulikuwa na mwami. Huku Kasese kuna Omusinga. Ukiendelea na barabara hadi Fort Portal unakuta Omukama. Sisi wakimbizi tunazoea kusema "mfalme" kwa wote na mambo yanaisha. Wafanyakazi wa mashirika nao wanaandika neno moja la Kiingereza kwa wote. Sasa shida iko hapo. Haya maneno si sawa, na kila moja lina historia yake. Kuna watu walikufa kwa sababu ya historia hiyo, na wengine si zamani sana.

Neno lenyewe

Tuanze na kitu ambacho kila msemaji wa Kiswahili anaweza kukiona. Kiswahili kina mfalme, wafalme, ufalme. Lhukonzo kina omusinga, abasinga, obusinga. Mpango ni uleule: mtu mmoja, watu wengi, halafu hali au cheo chenyewe. Kwa hiyo unaposikia redio ikitaja Obusinga bwa Rwenzururu, wanazungumzia ufalme. Ukisikia Omusinga wa Rwenzururu, ni mtu anayekalia kiti hicho. Kuna wageni wanaosema "nilikwenda kumuona Obusinga". Ni sawa na kusema ulikwenda kumsalimia ufalme.

Wenzetu Wanyarwanda nao wanashtuka wakilisikia hili neno kwa mara ya kwanza, kwa sababu kwao Musinga ni jina la mtu. Yuhi wa Tano Musinga alikuwa mwami wa Rwanda tangu 1896 hadi 1931. Wabelgiji walimwondoa, na alifia uhamishoni Kongo, huko Moba, mwaka 1944. Kwa Mnyarwanda, basi, Musinga ni jina na mwami ni cheo. Kwa Mkonzo, Omusinga ndicho cheo. Msikiaji wa Luganda naye anasikia kitenzi chao kusinga, yaani kuzidi au kushinda. Kila sikio linasikia la kwake. Maneno kufanana kwa sauti hakumaanishi yana baba mmoja, ila inakuonyesha jinsi watu wanne ndani ya gari moja wanavyoweza kusikia neno moja na kila mtu akafikiria jambo lake.

Kwenye jina la Omusinga wa sasa, Charles Wesley Mumbere Irema-Ngoma, sikiliza kipande cha mwisho. Imo ngoma. Katika nchi zote za Maziwa Makuu ngoma si ya kuchezea tu. Kwa Kinyarwanda na Kirundi, ingoma ni ngoma ya kupigwa na pia ni utawala wenyewe: mtu akisema "kwa ngoma ya fulani", anamaanisha wakati fulani alipotawala. Mumbere, kwa upande mwingine, ni jina la kawaida kabisa ambalo utalisikia hata sokoni Butembo. Ndani ya jina moja kuna mtoto wa mtu na kuna cheo.

Kwa nini walitaka Omusinga na si kitu kingine

Hapa ndipo historia inaingia. Tooro ilijitenga na Bunyoro karibu mwaka 1830 chini ya Kaboyo. Baadaye ikazidiwa nguvu na Bunyoro, na mwaka 1891 Mwingereza Lugard akamrudisha Kasagama kwenye kiti. Mwaka 1900 Waingereza wakatia saini mkataba na Tooro, na watu wa mlima, Bakonzo na Baamba, wakajikuta wamewekwa chini ya Omukama wa Tooro. Kodi, machifu, shule, lugha ya ofisini, vyote vikatoka Tooro. Watu wa mlima walikuwa na wakubwa wao. Mkubwa wa tuta moja la mlima aliitwa omukulhu w'obulhambo, na neno hilo omukulhu ni ndugu wa neno letu "mkuu". Lakini mkuu wa tuta hakuhesabiwa mbele ya mtu mwenye cheo cha Omukama na mkataba mkononi.

Kuanzia 1919 Bakonzo wakaasi. Viongozi watatu, Nyamutswa, Tibamwenda na Kapoli, walikamatwa na kuuawa mwaka 1921. Majina hayo matatu bado yanatajwa Kasese hadi leo.

Miaka ya 1950 akatokea mwalimu mmoja, Isaya Mukirane. Alianzisha chama cha kukusanya historia ya Bakonzo. Chama cha historia, sikilizeni vizuri, si cha bunduki. Waliandika habari za koo, wazee na matuta ya mlima. Kumbe watu wakishaandika historia yao wanaanza kuuliza maswali. Kwa nini sisi hatumo kwenye vitabu vya wenyewe? Kwa nini mtoto wetu anasoma kwa lugha ya Tooro?

Mwaka 1962 Uganda ilikuwa inajiandaa kwa uhuru. Katiba ya mwaka huo ilikuwa na jambo moja muhimu: waliokuwa na mfalme walipata hadhi. Buganda ilipewa shirikisho. Bunyoro, Tooro na Ankole zikapata hadhi inayokaribia hiyo. Waliokuwa hawana mfalme wakawa wilaya tu, au sehemu ya nchi ya mfalme wa mwenzao. Wajumbe wa Bakonzo na Baamba waliomba wilaya yao wenyewe wakanyimwa, wakatoka kwenye baraza la Tooro, linaloitwa Rukurato. Tarehe 30 Juni 1962 wakatangaza Rwenzururu kuwa nchi yao. Uganda yenyewe ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba mwaka huohuo.

Angalieni vyeo sasa. Mukirane mwanzoni aliitwa rais. Mwaka 1963 akawa Omusinga, kwa jina la Kibanzanga wa Kwanza. Mwaka huohuo wa 1963, mwezi wa kumi, Kabaka wa Buganda, Mutesa wa Pili, akawa rais wa Uganda. Yaani mfalme anakuwa rais huku, na rais anakuwa mfalme kule mlimani. Si ajabu tu ya kuchekesha. Kila mtu alijua wakati ule kwamba neno unaloitwa ndilo linaloamua utakaa kwenye kiti gani mezani. Bakonzo waliona rais wa mlima hatasikilizwa na Omukama. Omusinga angeweza kusimama naye sawa kwa sawa.

Hapa ndipo ugomvi mmoja unaporudi kila mara. Wapinzani wanasema: hamkuwa na mfalme mmoja kabla ya Mukirane, mlikuwa na wakuu wa matuta, kwa hiyo Omusinga ni kitu kipya. Watetezi wanajibu: tulikuwa na watawala wetu, ila nyinyi ndio mliowafunika. Mimi nasema hata tukikubali upande wa kwanza, upya si kosa. Busoga wana Kyabazinga, na cheo hicho cha mkubwa mmoja wa Basoga wote kilijengwa wakati wa Waingereza. Leo hakuna anayemuuliza Msoga kitambulisho cha umri wa cheo chake. Tooro yenyewe ilizaliwa mwana alipomwacha baba yake. Kila cheo kilikuwa na siku yake ya kwanza.

Cheo kinapokimbia

Mukirane alikufa 1966. Mwanawe Mumbere akarithi akiwa bado kijana mdogo, chini ya umri wa wengi wetu kwenye kikundi hiki. Mwaka 1967 katiba mpya ya Obote ilifuta falme zote za Uganda. Mwaka 1974 Idi Amin akawatenganisha watu wa mlima na Tooro kwa kuunda wilaya mbili, na ndiyo asili ya Kasese na Bundibugyo za leo. Mwaka 1982 Mumbere alishuka kutoka mlimani na kuweka silaha chini. Baadaye akaenda Marekani, na huko alifanya kazi ya kuhudumia wagonjwa na wazee. Mtu aliyeitwa Omusinga alikuwa akiwageuza wagonjwa kitandani, kazi ambayo ndugu zetu wengi waliopelekwa huko wanaifanya hadi sasa.

Hakuwa peke yake. Mutesa wa Pili alikimbia jumba lake la Mengo liliposhambuliwa Mei 1966, akafia London mwaka 1969. Mwami Kigeli wa Tano wa Rwanda aliondolewa na jamhuri mwaka 1961, akaishi uhamishoni Uganda na Kenya kati ya nchi nyingine, mwisho Marekani alikopewa hifadhi, akafariki huko Oktoba 2016. Hao wote walipoteza jumba, askari na ardhi. Neno halikuwatoka. Watu waliendelea kuwaita Kabaka, Mwami, Omusinga, hata wakiwa wamesimama kwenye foleni ya makaratasi kama mimi na wewe.

Falme za Uganda zilirudishwa mwaka 1993, na katiba ya 1995 ikaziweka kwenye kifungu cha 246. Rwenzururu ilisubiri zaidi. Serikali iliitambua, na Omusinga akatawazwa tarehe 19 Oktoba 2009, mbele ya Rais Museveni. Miaka saba baadaye, tarehe 26 na 27 Novemba 2016, kulikuwa na mapigano, na jeshi na polisi wakavamia jumba la Omusinga mjini Kasese. Zaidi ya watu 100 waliuawa, wakiwemo askari polisi. Serikali ilisema jumbani kulikuwa na wanamgambo wanaotaka kujitenga na kuunda nchi ya Yiira pamoja na ndugu zao wa Kongo. Upande wa ufalme ulikana. Omusinga alikamatwa, akashtakiwa, kisha akapewa dhamana lakini akazuiwa kufika Kasese. Mashtaka yalifutwa Juni 2023, na Oktoba mwaka huo akarudi nyumbani.

Kwa hiyo, ndugu mfanyakazi wa shirika, ukiwa kwenye mkutano Bwera na ukauliza kwa sauti kubwa "huyu Omusinga wenu mnampenda?", usishangae watu wakinyamaza. Si kwamba hawana jibu. Kuna nyumba hapo ambazo mtoto hakurudi Novemba ile. Na neno Yira, ambalo kwetu Beni ni jina la watu tu, yaani Bakonzo na Banande pamoja, huku linaweza kusikika kama siasa. Litumie ukijua hivyo.

Ramani ya vyeo ambayo hakuna anayetupa

Mkimbizi anayeingia kwa Mpondwe anaingia nchi ya Omusinga. Akipandishwa basi kwenda Kyaka II au Rwamwanja, amefika ardhi inayohesabiwa ya Tooro, kwa Omukama. Akipelekwa Kyangwali yuko Bunyoro, kwa Omukama mwingine. Akipelekwa Nakivale yuko Ankole, ambako cheo kilikuwa Omugabe lakini ufalme haukurudishwa, na watu wenyewe hawakubaliani kama urudi. Kambi nne, vyeo vitatu, na kimoja kati yake hakina mtu. Kwenye karatasi ya kuhamishwa hayo hayaandikwi.

Hata ndani ya Kasese, usimwite Omusinga "mfalme wa watu wa Kasese wote". Kuna Basongora, kuna Banyabindi, kuna Batooro na wengine wengi, na baadhi yao wanadai vyeo vyao wenyewe. Bwamba, upande wa pili wa mlima, wana Omudhingiya, aliyetambuliwa 2014. Julai ya mwaka huohuo mashambulizi yaliua watu wengi Bundibugyo, Kasese na Ntoroko. Ugomvi ulikuwa na sababu nyingi, ardhi ikiwemo, lakini swali la nani ana mfalme na nani yuko chini ya mfalme wa nani lilikuwamo.

Omukama nalo ni neno la kuangalia. Batooro na Banyoro wengi huliunganisha na kukama, ileile kukama ya Kiswahili, ya kukamua maziwa: mfalme ni mwenye ng'ombe na mwenye kunywesha watu wake. Ni picha nzuri. Na kanisani Mukama ni Mungu, kama vile sisi tunavyosema Bwana kwa Yesu na bwana kwa mtu yeyote mwenye shati safi. Omukama wa Tooro huitwa pia Rukirabasaija, yaani anayewazidi wanaume wengine. Lakini mzee wa Kikonzo aliyelipa kodi Tooro hasikii maziwa ndani ya neno hilo. Anasikia mkusanya kodi. Kanisani neno halimsumbui. Ni nje ya kanisa ndipo anapokunja uso.

Mwami na faili lako

Sasa sehemu inayotugusa sisi moja kwa moja. Wenzangu wengi hapa ni wakalimani wa kujitolea, kwa hiyo msome polepole.

Kongo, mwami si mtu wa sherehe peke yake. Ni mkuu wa eneo linaloitwa sheferi, na sheferi ni ngazi ya utawala wa serikali. Katika teritware ya Beni, kwa mfano, Bashu na Watalinga ni sheferi. Mwami anagawa ardhi, anasikiliza kesi za mila, na sheria ya Agosti 2015 inaeleza hadhi ya wakuu wa kimila. Mtu akikuuliza kule "weye uko wa mwami gani?", anataka kujua unatoka wapi, ardhi yako inatoka kwa nani na nani anakujua.

Uganda ni kinyume. Kifungu cha 246 kinasema kiongozi wa mila haingii siasa ya vyama akiwa bado kwenye kiti, wala hana mamlaka ya utawala wa serikali. Na kinasema jambo ambalo wachache wanalijua: hakuna mtu anayeweza kulazimishwa kumtii kiongozi wa mila au kuchangia gharama zake. Hilo linamhusu na mkimbizi pia. Ukiombwa mchango kwa jina la cheo chochote, unaweza kutoa kwa heshima, na unaweza kukataa kwa heshima.

Halafu kuna Luganda. Kwa Luganda omwami ni chifu, ni bwana fulani, na pia ni mume. Sasa tuseme mama kutoka Beni anasema kwenye intavyu: "Mwami ndiye alitunyang'anya shamba." Mkalimani aliyekulia Kampala anaweza kuandika kwamba mume wake alimnyang'anya shamba. Kesi ya ardhi iliyofanywa na mtu wa serikali imegeuka kuwa ugomvi wa nyumbani. Mwingine ataandika "mfalme", na ofisa atakayesoma atajiuliza ni mfalme gani, kwani Kongo ni jamhuri. Mama hakudanganya, lakini faili lake sasa linasema mambo ambayo hakuyasema, na akiulizwa mara ya pili ataonekana anabadilisha maneno.

Dawa yake si ngumu. Acha neno lenyewe libaki, kisha lieleze: "mwami, yaani mkuu wa sheferi fulani, ngazi ya utawala ya serikali". Muulize mama, "mwami huyu ni mume wako au ni mkubwa wa nchi?" Ni swali la sekunde tano. Ukiwa Bwera sema Omusinga, ukiwa Kyaka II sema Omukama, na usibadilishane. Ukiwa hujui, uliza: "Mkubwa wenu wa mila mnamwitaje?" Hakuna mzee atakayekasirika kwa kuulizwa hivyo. Wanachokasirikia ni kuitiwa mkubwa wa jirani.

Mukirane na wenzake walianza kwa daftari, wakiwauliza wazee majina ya koo na ya matuta. Sisi tuna simu. Kila mmoja wetu ana babu au shangazi, hapa kambini au kule, anayejua mkubwa wa kwao aliitwaje, aliwekwaje, na neno hilo lilimaanisha nini kabla ofisi hazijaja. Wiki hii muulize mmoja tu. Andika neno lenyewe kwa lugha yake, halafu chini yake andika maelezo kwa Kiswahili. Tukipata ishirini, tutawapa wakalimani wa kambini orodha, na mama mwingine wa Beni hatageuziwa mwami kuwa mume.